Saa Kumi na Moja Jioni: Kusoma MBA Ukiwa Kazini



Nimeombwa nizungumzie kusoma shahada ya uzamili ya biashara, ambayo wengi wetu tunaiita MBA tu, huku mtu akiendelea na ajira yake ya kutwa. Nimefundisha madarasa ya jioni katika jiji hili la Dar es Salaam kwa muda mrefu, na nimefikia imani moja ambayo leo nitaitetea mbele yenu. Mwanafunzi anayetoka kazini ana mali ambayo mwanafunzi wa mchana hana, na mali hiyo ni kazi yenyewe. Akiiingiza darasani, masomo yatamfaa yeye na watakaofanya kazi chini yake. Akiiacha getini, atamaliza akiwa na uchovu na cheti.

Kabla ya mali, tuhesabu gharama. Na gharama kubwa si ada, ni saa.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza mhadhara, kusoma, kufanya mazoezi, kuandika. Hizo ni saa 1,800. Anayetaka kumaliza kwa miezi 18 anahitaji kama saa 23 kila wiki, bila likizo na bila kuugua. Anayejipa miaka miwili anahitaji saa 17 na kidogo. Wengi wanapofanya uamuzi huhesabu vipindi peke yake: jioni tatu kwa wiki, saa tatu kila jioni, jumla saa tisa, basi inawezekana. Zile saa 14 zilizobaki hawazioni, kwa sababu hazimo kwenye ratiba ya chuo. Zinakuja kudaiwa baadaye, usiku wa manane, wiki moja kabla ya mtihani.

Sasa ziweke juu ya wiki halisi ya mtu wa mji huu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki. Mtu anayekaa Chanika au Kibaha anaweza kupoteza saa tatu kwa siku barabarani, yaani 15 kwa wiki ya siku tano. Alale saa nane kila usiku, hizo ni 56. Ongeza 23 za masomo. Wiki nzima ina saa 168, na sasa zimebaki 29: saa nne na dakika chache kwa siku, za kupika, kufua, kuoga, kusali, kukagua madaftari ya watoto, kwenda msibani, kumpeleka mzazi kliniki. Hapo bosi hajasema neno kuhusu kufunga hesabu za mwezi.

Nasisitiza hesabu hii kwa sababu saa hizo 23 hazitoki hewani. Kuna mtu anazitoa, na mara nyingi hakuulizwa. Ni mke ambaye sasa anawalaza watoto peke yake. Ni mama mkwe aliyeitwa kutoka mkoani kuja kukaa na mjukuu. Ni mwenzako wa ofisini anayebaki dirishani saa 10 na nusu ili wewe uwahi basi la mwendokasi. Nimeona ndoa zikiyumba katika muhula wa pili, na karibu kila mara chanzo kilikuwa kwamba jambo hili lilitangazwa nyumbani kama habari, halikuletwa kama ombi. Mwite mwenzako, mkae, mwoneshe saa 23 hizo zitatoka wapi, siku kwa siku, na umwambie zitarudi lini. Fanya hivyo kabla ya kulipa ada ya maombi.

Kwa wanawake hesabu ni nzito zaidi, na tusiipake rangi. Saa 11 jioni, mhadhara unapoanza, ndiyo saa ambayo nyumba nyingi zinatazamia mama awe jikoni. Mwanamume akichelewa kurudi kwa sababu ya masomo anasifiwa kwa bidii. Mwanamke anaulizwa watoto wamekula nini. Nimefundisha akina mama waliokuwa wakitoka nje ya darasa kila nusu saa kumwelekeza dada wa kazi kwa simu, na bado wakaongoza katika mitihani. Najivunia sana wanafunzi hao. Lakini ingekuwa heri wasilazimike kuwa mashujaa ili tu wakae darasani kama wenzao.

Watu wa kwanza kukwambia haiwezekani ni wale wa karibu, na methali wanayoitumia ni ile ya mshika mbili. Mimi naipinga methali hiyo katika jambo hili, kwa sababu inachukulia kwamba kazi na masomo ni vitu viwili visivyohusiana. Nchi hii iliwahi kufikiri tofauti kabisa. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na mojawapo ya maamuzi yake ilikuwa kwamba kijana amalizapo kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Apite kazini kwanza, na mahali pake pa kazi pamtolee mapendekezo. Sharti hilo lililegezwa baadaye, na wanawake walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondolewa, kwa sababu idadi yao chuoni ilishuka. Sisemi turudi huko. Nasema wazo la msingi, kwamba aliyefanya kazi anauliza maswali mazuri zaidi darasani, lilisemwa hapa kwa Kiswahili nusu karne iliyopita.

Huko Marekani, ambako shahada hii ilizaliwa, walifika mahali hapo hapo kwa njia yao. Harvard ilianzisha shule yake ya biashara mwaka 1908, na mafunzo yake yakaja kujengwa juu ya visa, yaani matatizo halisi ya makampuni yaliyoandikwa ili wanafunzi wayajadili. Mwaka 1943, vita ikiwa bado inaendelea, Chuo Kikuu cha Chicago kikafungua programu ya MBA kwa mameneja ambao hawakuacha kazi zao. Hapo kisa hakikuhitaji kusafirishwa kutoka kiwandani hadi darasani. Kiliingia na mwanafunzi, kikakaa naye kitini.

Nataka niwaoneshe jambo hilo linavyotokea, maana likisemwa kwa jumla halina uzito. Kuna kanuni inafundishwa katika kila darasa la uendeshaji, ya kukokotoa kiasi cha bidhaa kinachofaa kuagizwa kwa mara moja. Mmarekani Ford W. Harris aliichapisha mwaka 1913. Unachukua mahitaji ya mwaka, unazidisha kwa gharama ya kuagiza mara moja, unazidisha kwa mbili, unagawanya kwa gharama ya kutunza bidhaa moja kwa mwaka, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Jioni moja niliweka ubaoni mfano wa duka la vipuri Gerezani, kwa namba rahisi: duka linauza filta za oili 1,200 kwa mwaka, kila oda inagharimu shilingi 300,000 za usafiri na makaratasi, na kutunza filta moja mwaka mzima ni shilingi 2,000. Jibu ni filta 600, oda mbili kwa mwaka. Darasa la mchana huandika 600 na kusubiri mfano unaofuata.

Darasa la jioni halikuandika. Kijana aliyekuwa na kaka mwenye duka kama hilo alinyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo elfu mbili umeitoa wapi? Kodi ya stoo tunalipa ya mwaka mzima mbele. Stoo ikijaa au ikiwa tupu, kodi ni ile ile." Alikuwa na haki. Kodi iliyokwishalipwa haiongezeki kwa sababu umeongeza filta moja. Kinachoongezeka ni mtaji uliolala. Tukakubaliana tufanye filta inanunuliwa kwa shilingi 8,000 na fedha ni ya mkopo wa benki wa asilimia 20, kwa hiyo kila filta inayokaa mwaka inakula shilingi 1,600. Tulipokokotoa upya tulipata filta 671. Tukalinganisha gharama za mwaka kwa kuagiza 600 na kwa kuagiza 671, na tofauti haikufika shilingi 7,000. Kosa langu la kodi lilikuwa kosa kweli, ila kanuni ya Harris ni mvumilivu. Ukiikosea kidogo, inakusamehe.

Ndipo dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwa wakala wa forodha akauliza swali ambalo ningependa kila mhitimu aondoke nalo. "Na kontena likikaa bandarini wiki tatu zaidi?" Kanuni haina nafasi ya swali hilo, kwa kuwa inadhani mzigo unafika siku uliyopanga. Duka letu linauza filta 23 kwa wiki. Wiki tatu bila mzigo ni wateja 69 waliokwenda duka la jirani, na kama filta moja inauzwa 12,000, faida iliyopotea ni shilingi 276,000 kwa uchelewaji mmoja. Tulikuwa tumebishana kwa nusu saa juu ya shilingi 7,000 za kodi, kumbe hatari yenyewe ilikuwa getini bandarini. Tulitumia muda uliobaki kujadili akiba ya tahadhari iwe filta ngapi, na huyo dada ndiye aliyefundisha. Mimi nilishika chaki.

Kitabu kilikuwa kimetufikisha kwenye 600. Kutoka hapo hadi kwenye swali la kontena tulifikishwa na watu wawili waliokuwa wametoka kazini saa moja kabla. Wakati huo huo, bila kanuni ile, wasingejua kwamba suala la kodi ni dogo na suala la bandari ni kubwa kiasi kile. Kila upande ulihitaji mwenzake. Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wa jioni wasije darasani wakijiona nusu wanafunzi, wanaoomba radhi kwa kuchoka.

Ila kuna mpaka. Ukileta kazi darasani, usilete siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, na orodha ya wateja wa benki yenye majina na salio si mali ya kikundi chako cha masomo, hata kama unaifungua kila siku kwenye kompyuta yako. Ondoa majina, badilisha namba, omba ruhusa kwa maandishi.

Nije kwenye sehemu inayoniuma zaidi, nayo ni tasnifu. Masomo ya darasani watu wengi huyamaliza. Kuna ratiba, kuna wenzako wa kikundi wanaokupigia simu, kuna mtihani wenye tarehe. Darasa likiisha, vyote hivyo vinaondoka siku moja. Unabaki wewe na pendekezo la utafiti, na msimamizi ambaye ana wanafunzi wengine wengi. Mwezi wa kwanza unasema utapumzika kidogo, na nani atakulaumu? Kisha unapandishwa cheo, au unahamishiwa Mbeya, au mtoto anazaliwa. Mwaka unapita. Nawafahamu watu wenye akili nyingi kuliko mimi ambao wamelipa ada yote, wamefaulu masomo yote, na hawana shahada, kwa sababu ya kurasa themanini ambazo hazikuandikwa.

Tiba ninayoiamini ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuchagua swali mapema, katika muhula wa kwanza, na kulichagua kutoka mezani kwako. Si kichwa cha habari kikubwa kuhusu mchango wa teknolojia katika maendeleo. Chagua jambo linalokukera kila mwezi. Kwa nini wakopaji wa tawi letu wenye mikopo ya biashara ndogo huchelewesha marejesho ya miezi mitatu ya kwanza, halafu wanakaa sawa? Kwa nini dawa fulani huisha katika vituo vya afya vya wilaya yetu wakati kwingine zinaisha muda wake rafuni? Mtu mwenye swali la namna hiyo huandika hata akiwa amechoka, kwa sababu anataka kujua. Na kila somo analosoma njiani, liwe la fedha, la masoko au la takwimu, analisoma akitafuta kipande cha jibu lake.

Ya pili ni ya kawaida kabisa: siku vipindi vinapokwisha, usirudi nyumbani mapema. Kama ulikuwa chuoni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 11 jioni, endelea kuwepo siku hizo hizo, saa hizo hizo, maktaba. Familia imekwisha kuzizoea. Ofisi imekwisha kuzizoea. Ukizirudisha, hutapewa tena.

Wanaokwama kwenye tasnifu ndio wanaofuatwa na wale wanaoandikia watu kwa malipo. Biashara hiyo ipo, kila mtu katika ukumbi huu anaijua, na sitaizungumzia kwa lugha laini. Mtu aliyenunua tasnifu atakaa siku moja kwenye kamati ya zabuni au ya mikopo, na ripoti ikiletwa mbele yake hataweza kuona kwamba takwimu zimepikwa, kwa sababu hajawahi kukusanya takwimu hata siku moja. Atatia saini. Fedha itakayopotea itakuwa ya wanachama wa ushirika au ya walipakodi, na yeye atakuwa hana hata uwezo wa kujua imepoteaje. Kama umekwama, omba kuahirisha muhula. Kuahirisha si aibu, na kanuni za vyuo zinaruhusu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Wengi hulipa ada kwa mkopo wa SACCOS unaokatwa kwenye mshahara. Mtumishi wa umma hatakiwi kukatwa hadi mshahara ushuke chini ya theluthi moja. Ukiwa tayari una mkopo wa kiwanja unaokaribia mpaka huo, subiri uishe. Mwajiri akikulipia, atataka umtumikie kwa muda fulani baada ya kuhitimu. Hilo ni haki. Lakini usome mkataba ujue muda huo unaanza kuhesabiwa lini, siku ya kumaliza masomo au siku ya kutunukiwa shahada, na ukiondoka kabla utarudisha zote au zinapungua kadiri ulivyotumikia.

Na si kila mtu anahitaji MBA. Mhasibu anayetaka kukua katika uhasibu huenda akafaidika zaidi na CPA ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo anaweza kuisomea akiwa kazini vilevile. Anayetaka kupanda daraja serikalini asome kwanza muundo wa utumishi wa kada yake aone kama uzamili unatajwa. MBA inamfaa mtu ambaye amekuwa fundi wa jambo moja, ugavi au uuguzi au uhandisi, na sasa amepewa watu na bajeti, naye anaona mambo mengine yote ya taasisi kwa ukungu. Huyo aje, tena aje mapema, kabla ukungu huo haujawa mazoea.

Nina maombi kwa wenyeji wetu, vyuo. Mji huu una bahati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo mlimani. Mzumbe, iliyoanza mwaka 1953 kama shule ya kufundishia watumishi wa serikali za mitaa wa wakati wa ukoloni, ina kampasi yake hapa mjini. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972, kipo Mtaa wa Shaaban Robert, hatua chache kutoka ofisini kwa wengi wenu. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinamfikia hata asiyeweza kufika mjini. Nafasi za kusoma zipo. Tunachokosea ni kumpokea mtu wa jioni kwa ofisi za mchana. Anafika saa 11, mhasibu amefunga, msajili amefunga, na barua ya kumruhusu kukusanya takwimu inabidi aombe ruhusa kazini ili aje kuichukua.

Fungueni dirisha moja hadi saa 2 usiku, hata mara mbili kwa wiki. Toeni ratiba ya mitihani mwanzo wa muhula ili mtu aombe likizo mapema, kwa kuwa siku zake 28 za mwaka ndizo akiba pekee aliyonayo. Mwezi wa Ramadhani pangeni mapumziko yaangukie saa ya futari, watu wasile tende wakiwa wamesimama kwenye korido huku mhadhara unaendelea. Wasimamizi wapatikane Jumamosi asubuhi. Na rasimu ya mwanafunzi isikae mezani kwa msimamizi miezi mitatu. Irudi ndani ya wiki mbili, ikiwa na maandishi ya kueleweka pembeni, ili Jumatatu saa 11 akifika maktaba awe na la kufanya.